Bunia: Kwa nini konokono wa akwariamu hufa ghafla, na kwa nini kifo chake kinagusa afya ya watu

Konokono anaokotwa kandokando ya Ziwa Albert, Kasenyi ama Tchomia, akiwa mzima. Anatiwa ndani ya chupa, anapandishwa mlima mpaka Bunia, kisha anawekwa ndani ya sanduku la kioo pamoja na samaki. Baada ya siku tatu, ama wiki mbili, anakutwa amelala chini bila kusogea. Samaki bado wanaogelea. Maji yanaonekana safi. Mwenye sanduku anabaki akijiuliza ni nini kilichomuua.

Swali hilo linaweza kuonekana dogo katika jimbo ambalo habari zake za kila siku ni vita, wakimbizi wa ndani na magonjwa ya mlipuko. Lakini jibu lake linagusa vitu ambavyo kila familia ya Ituri inaishi navyo: maji ya robine na maji ya mvua, dawa zinazopulizwa shambani, na ugonjwa wa kichocho, ambao mdudu wake hukulia kwanza ndani ya mwili wa konokono kabla ya kumwingia mtu.

Sababu zinazoua konokono wa kufugwa zinajulikana vizuri. Nyingi zinatokana na maji yenyewe. Chache zinatokana na chakula, umri na safari. Na iko moja ambayo wafugaji wengi hawaifikirii: huenda konokono huyo alikuwa mgonjwa tangu siku alipotolewa ziwani, na ugonjwa wake ni hatari kwa yule anayetia mkono ndani ya sanduku.

Maji ya ziwa si maji ya Bunia

Bunia iko juu kwenye uwanda, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Albert liko chini ya mteremko, kwenye mita 600 na kidogo. Kwa gari safari si ndefu, lakini kwa konokono ni kama kuhamishwa nchi.

Maji ya Ziwa Albert ni ya joto mwaka mzima. Tena yana chumvichumvi na madini mengi, kwa sababu jua hukausha sehemu kubwa ya maji yanayoingia na kuacha madini nyuma. Konokono wa huko amezoea hali hiyo. Gamba lake limejengwa kwa kalisi, madini yaleyale yaliyomo kwenye mifupa na kwenye ganda la yai. Kalisi hiyo anaitoa ndani ya chakula na ndani ya maji.

Bunia, nyumba nyingi hukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, ama manjanja kama wengi wanavyosema. Maji ya mvua ni mepesi: karibu hayana kalisi kabisa, na mara nyingi yana uchachu kidogo. Konokono akiwekwa humo, maji huanza kula gamba lake polepole. Dalili ya kwanza ni ncha ya gamba kuwa nyeupe, kisha vinatokea vishimo vidogo, kisha gamba linakuwa jembamba na kuvunjika kirahisi. Mnyama mwenyewe hupoteza nguvu akijaribu kurekebisha gamba bila kuwa na kitu cha kujengea.

Manjanja yenyewe huongeza tatizo lingine. Mabati mengi yamepakwa zinki ili yasishike kutu, na mvua huosha zinki kidogokidogo na kuishusha ndani ya pipa. Kwa mtu, kiasi hicho kwa kawaida si cha kuogofya. Kwa konokono, ambaye mwili wake laini unagusana na maji saa zote, zinki kidogo tu yaweza kumdhoofisha ama kumuua.

Baridi ya usiku nayo ina sehemu yake. Joto la mwili wa konokono hufuata joto la maji. Ziwa ni kubwa, halipoi kwa usiku mmoja. Sanduku dogo la kioo linapoa mara moja jua likishatua, na likiwekwa karibu na dirisha linapata moto tena saa sita mchana. Kupanda na kushuka huko kila siku kunamchosha mnyama, anaacha kula, na mwisho anakufa bila jeraha lolote kuonekana.

Safari pia huua. Ndani ya chupa iliyofungwa na kuachwa juani, maji hupata joto na hewa huisha. Konokono wa jamii zenye pafu, wanaopanda juu kuvuta hewa, huweza kuvumilia kidogo. Wale wanaopumua kwa matamvua kama samaki hawavumilii. Anayefika akiwa amekwisha kuchoka, kisha akamwagwa ghafla ndani ya maji tofauti, ana nafasi ndogo ya kuona mwisho wa wiki.

Maji ya robine na klori

Maji ya REGIDESO nayo yana sharti lake. Maji ya bomba hutiwa klori ili kuua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Kazi hiyo ni ya lazima na hakuna sababu ya kuilalamikia. Lakini klori haichagui. Inaunguza ngozi laini ya konokono na matamvua ya samaki, na inaua pia bakteria wazuri ambao sanduku la samaki haliwezi kuishi bila wao.

Dawa yake haina gharama. Maji ya robine yakiachwa ndani ya ndoo ama beseni lililo wazi kwa siku nzima, sehemu kubwa ya klori hupotea hewani. Bidoni yenye mdomo mwembamba haifai kwa kazi hiyo, kwa sababu hewa inagusa maji kidogo sana.

Sanduku jipya, sumu isiyoonekana

Vifo vingi vya ghafla hutokea katika wiki za kwanza baada ya sanduku kujazwa maji. Sababu yake haionekani kwa macho na mara nyingi haina harufu: ni amonia.

Samaki na konokono hutoa kinyesi, na chakula kinachobaki huoza. Vyote hivyo hugeuka kuwa amonia, ambayo ni sumu kali. Ziwani, bakteria wanaoishi kwenye mchanga, mawe na majani huibadilisha amonia kuwa naitraiti, kisha kuwa naitreti, ambayo si kali sana na inaweza kuliwa na mimea. Sanduku jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huchukua kama wiki nne hadi sita ili waongezeke na kuweza kazi hiyo.

Anayejaza maji asubuhi na kuweka wanyama jioni anawaweka ndani ya choo kisichokuwa na shimo. Samaki wagumu huvumilia. Konokono huanza kutafuta njia ya kutoka: hupanda juu ya kioo mpaka nje ya maji na kubaki huko. Hiyo ni ishara ya wazi. Konokono wengi wakikimbia maji kwa wakati mmoja, maji hayo yanapaswa kubadilishwa kwa sehemu siku hiyohiyo.

Kosa lingine ni kuosha kila kitu kwa wakati mmoja. Mtu anaona sanduku limekuwa chafu, anamwaga maji yote, anasugua mchanga na mawe kwa sabuni, anajaza upya. Bakteria wote wamekufa, mzunguko unaanza tena mwanzo, na mabaki ya sabuni yamebaki kwenye mawe. Inatosha kubadilisha robo ya maji kwa wiki, na kusuuza mchanga kwa maji yaliyotolewa ndani ya sanduku lenyewe.

Na konokono aliyekufa huua wenzake. Nyama yake huoza haraka, hasa kwenye maji ya moto, na amonia hupanda. Asubuhi amekufa mmoja, jioni watatu, kesho yake samaki pia. Mtu anadhani ni ugonjwa wa kuambukiza, kumbe ni maiti ya kwanza iliyoachwa ndani ya maji.

Shaba: dawa kwa samaki, sumu kwa konokono

Samaki wakikaa vizuri na konokono pekee wakifa, kitu cha kwanza cha kushuku ni shaba. Dawa nyingi za kutibu samaki, hasa zile za madoa meupe na za vimelea vya ngozi, zina salfeti ya shaba. Kwa kipimo sahihi samaki hupona. Konokono hufa, kwa sababu shaba huvuruga namna mwili wake unavyolinda chumvi na maji.

Jambo hili linajulikana kwa miaka mingi kiasi kwamba salfeti ya shaba ilitumiwa kama silaha. Kuanzia miaka ya 1920, Misri ilitia salfeti ya shaba kwenye mifereji ya kumwagilia mashamba kwa lengo la kuua konokono wanaobeba kichocho.

Ituri ni jimbo la wakulima, na shaba inaingia nyumbani kwa mlango mwingine. Dawa za ukungu zinazopulizwa kwenye nyanya na kahawa mara nyingi zina shaba. Ndoo iliyochanganyia dawa hizo, hata ikioshwa mara tatu, haifai kubeba maji ya samaki. Majani ya kulisha konokono yanayotoka kwenye shamba lililopulizwa dawa karibuni hayafai pia. Vipande vya shaba, sarafu za zamani na vifaa vya shaba nyeupe visiwekwe ndani ya sanduku kama mapambo.

Zebaki ni hatari ya namna hiyohiyo. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambako zebaki hutumiwa kukusanya chembe za dhahabu, mchanga na maji ya vijito huweza kubeba sumu hiyo. Mchanga wa kuweka ndani ya akwariamu usichukuliwe huko. Hiyo ni sheria ya kumlinda konokono, na ni sheria ya kumlinda pia mtoto anayechezea mchanga huo.

Amekufa kweli?

Kabla ya kutafuta muuaji, ni vizuri kuhakikisha kama kuna maiti. Konokono wengi hutupwa wakiwa hai.

Konokono anaweza kujifungia siku nyingi ndani ya gamba lake wakati maji yamekuwa mabaya ama baridi imezidi. Jamii nyingine, kama zile za Bulinus, huweza kubaki hai ndani ya tope lililokauka mpaka mvua irudi. Wengine huelea juu ya maji kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani ya gamba, na baada ya siku moja hushuka wenyewe.

Kipimo cha uhakika ni pua. Konokono aliyekufa hunuka vibaya mno baada ya muda mfupi, na harufu hiyo haifanani na kitu kingine. Akiwa hana harufu, na kifuniko cha mlango wake kimebana, awekwe kwenye bakuli la maji safi yaliyokaa bila klori na kuangaliwa kesho yake. Mwili ukiwa umelegea na kuning'inia nje ya gamba, bila kujikunja ukiguswa kwa kijiti, basi amekufa.

Pia kuna kifo kisicho na kosa la mtu. Konokono wengi wadogo wa maji baridi huishi kama mwaka mmoja ama kidogo zaidi. Aliyeokotwa akiwa tayari mkubwa huenda alibakiza miezi michache tu.

Kati ya jamii zinazoishi Ziwa Albert, mvumilivu zaidi ni Melanoides tuberculata, yule mwembamba mwenye gamba lenye ncha kama msumari, ambaye mchana hujificha ndani ya mchanga. Huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai, na ameenea katika akwariamu za dunia nzima. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamjua sana, pengine bila kujua kwamba ndugu zake wako kwenye mchanga wa Mahagi na Kasenyi.

Mdudu ndani ya konokono

Baada ya maji, amonia na shaba, inabaki sababu ambayo mfugaji wa Paris hana haja ya kuihofia sana, lakini wa Bunia anapaswa kuifikiria kwanza.

Katika Ziwa Albert wanaishi konokono wa jamii ya Biomphalaria. Ni wadogo, na gamba lao ni bapa, limejikunja kama kamba iliyoviringishwa juu ya meza. Damu yao ni nyekundu kama ya mtu, kwa kuwa ina hemoglobini. Mmoja wao anaitwa Biomphalaria stanleyi. Mwingereza Edgar Smith alimwandika mwaka 1888 kutokana na magamba ambayo Emin Pasha alikusanya katika ziwa hilo. Mwaka huohuo Stanley na Emin walikutana kwenye ufuko wa Ziwa Albert.

Konokono hao ndio wanaobeba Schistosoma mansoni, mdudu wa kichocho cha tumbo. Safari yake ni hii. Mtu mgonjwa anajisaidia majini ama karibu na maji, na mayai ya mdudu hutoka na kinyesi. Yakigusa maji baridi yanapasuka na kutoa kimelea kidogo sana chenye muda wa siku moja hivi kumpata konokono. Kikimpata, kinaingia ndani ya mwili wake na kuongezeka kwa wiki kadhaa. Kisha konokono huanza kutoa vimelea vya namna nyingine, mamia hata maelfu kila siku, hasa jua likiwa kali. Hivyo huogelea mpaka vinapogusa ngozi ya mtu, na ndani ya dakika chache vinapenya. Haihitajiki jeraha, wala kunywa maji hayo. Kusimama tu ndani yake kunatosha.

Konokono naye hulipa gharama kubwa. Mdudu humla kutoka ndani na kumnyang'anya chakula. Mara nyingi anaacha kabisa kutaga mayai, kwa kuwa nguvu zote zinakwenda kwa mgeni wake. Na maisha yake hufupishwa: katika maabara, konokono walioambukizwa hufa mapema zaidi kuliko wenzao walio wazima.

Kwa hiyo konokono bapa aliyeokotwa ziwani, akaishi wiki chache akionekana mzima, kisha akafa wakati maji ni mazuri, huenda alikufa kwa kichocho. Na ikiwa ni hivyo, katika wiki zote hizo sanduku lilikuwa na vimelea vinavyotafuta ngozi. Kila mkono ulioingia kubadilisha mawe ulikuwa hatarini.

Hii ndiyo sababu wanaofuga konokono hao katika maabara huvaa glavu. Wanapotaka konokono wasio na mdudu, hawatumii wale waliotoka ziwani bali watoto wao, kwa kuwa kimelea hakipiti kutoka kwa mama kwenda kwenye mayai.

Ituri yenyewe inaumwa kiasi gani

Kwa muda mrefu, ukubwa wa kichocho katika jimbo la Ituri ulikuwa haujulikani vizuri. Picha ilibadilika kupitia kazi ya timu ya mtafiti Maurice Nigo, wa Taasisi ya Juu ya Ufundi wa Tiba ya Nyankunde iliyo Bunia, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Uswisi huko Basel.

Mwaka 2016 walipima zaidi ya watu 2,000 katika vijiji 46 vya jimbo. Karibu wanne kati ya kila kumi walikutwa na mayai ya mdudu kwenye kinyesi. Mwaka 2017 walirudi kuchunguza kwa undani vijiji 12 vilivyochaguliwa. Huko, kwa kuunganisha kipimo cha kinyesi na kipimo cha mkojo, zaidi ya watu saba kati ya kumi walionekana kuwa na ugonjwa.

Upande wa pili wa ziwa, Uganda, hali si tofauti. Vijiji vya wavuvi kama Butiaba na Bugoigo vimechunguzwa kwa miaka mingi na vinajulikana kwa maambukizi makubwa. Ziwa ni moja, konokono ni walewale, na wavuvi wa pande zote mbili wanatia miguu ndani ya maji yaleyale.

Vita imezidisha mzigo. Tangu mwisho wa mwaka 2017, mapigano ya Djugu na maeneo jirani yamewahamisha watu kwa maelfu, na wengine wameishia kandokando ya ziwa. Pale ambapo vyoo havitoshi na maji ya kuoga na kufulia ni ya ziwa, mzunguko wa mdudu unapata kila kinachohitajika.

Kichocho cha tumbo hakiui haraka, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Huanza kwa maumivu ya tumbo, kuhara, damu kwenye kinyesi na uchovu. Mtoto anashindwa kufuata masomo. Baada ya miaka bila matibabu, ini na wengu huvimba, tumbo hujaa maji, na mtu anaweza kutapika damu nyingi na kufariki. Wengi hudhani ni sumu ama uchawi.

Konokono waliokufa Adwa

Mwaka 1964, daktari kijana wa Ethiopia, Aklilu Lemma, alikuwa akichunguza kichocho huko Adwa, kaskazini mwa nchi yake. Kwenye kijito aliona kitu ambacho hakukitarajia: chini ya mahali ambapo watu walikuwa wakifua nguo, konokono wengi walikuwa wamekufa. Juu ya mahali hapo, walikuwa hai.

Badala ya kupita, aliuliza nguo zilifuliwa kwa nini. Jibu lilikuwa endod, matunda madogo ya mmea unaoitwa kitaalamu Phytolacca dodecandra, ambayo Waethiopia wameyatumia kama sabuni kwa vizazi vingi. Alipima na kuthibitisha kwamba povu la matunda hayo linaua konokono. Mwaka 1989, yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo.

Kwa mfugaji wa Bunia, kisa hicho kina somo la moja kwa moja: povu la sabuni, hata la majani, ni sumu kwa konokono. Kwa watu wa afya kina somo lingine: konokono waliokufa bila sababu inayojulikana ni habari ya kufuatiliwa, si uchafu wa kufagia.

Kuwamaliza wote ni kazi ngumu

Mtu anaweza kuuliza: kama konokono anakufa kirahisi hivi ndani ya sanduku, kwa nini ziwa lisisafishwe? Dawa ipo. Inaitwa niklosamidi, na Shirika la Afya Duniani bado linaikubali kwa kazi ya kuua konokono. Lakini dawa hiyo huua samaki pia. Kwa familia za Tchomia ama Mahagi-Port, ambazo samaki ni chakula na ni pesa ya shule, hilo si jambo la kupendekezwa kirahisi. Isitoshe, Ziwa Albert lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 5,000.

Tena Biomphalaria ana dume na jike ndani ya mwili mmoja. Akibaki peke yake anaweza kujirutubisha mwenyewe na kutaga. Dawa ikiua tisini na tisa kati ya mia, yule mmoja anatosha kuanzisha ukoo upya.

Zanzibar ilijaribu kwa ukubwa. Katika mradi uliojulikana kama ZEST, kuanzia 2011 hadi 2017, vijiji vya Unguja na Pemba vilipewa dawa ya kichocho kwa watu wote. Sehemu nyingine ziliongezewa upulizaji wa dawa ya konokono, na nyingine elimu ya kubadilisha tabia. Ugonjwa ulipungua sana, lakini haukukatika kabisa.

Senegal ilionyesha njia nyingine. Baada ya bwawa la Diama kujengwa mwaka 1986, kamba wakubwa wa mtoni waliokuwa wakila konokono hawakuweza tena kupanda mto, na kichocho kiliongezeka sana. Watafiti waliporudisha kamba hao sehemu moja, konokono wenye maambukizi walipungua. Viumbe wanaokula konokono, samaki wakiwemo, ni sehemu ya ulinzi wa watu. Uvuvi wa nyavu ndogo unaomaliza samaki hao unaweza kuwafungulia konokono njia.

Usimtupe mtoni

Anayechoka na konokono wake asimmwage kwenye mto Shari wala kwenye kijito cha mtaa. Kenya inalipa bei ya konokono wa kigeni: tangu mwaka 2020, konokono wakubwa wa jamii ya Pomacea, wenye asili ya Amerika ya Kusini, wamekuwa wakila mpunga katika mashamba ya Mwea. Hong Kong ilipata konokono wa jamii ya Biomphalaria katika miaka ya 1970 kupitia biashara ya samaki na mimea ya akwariamu. Konokono asiyetakiwa agandishwe kwenye friji ama achemshwe, kisha azikwe mbali na maji. Maji ya sanduku yamwagwe kwenye udongo mkavu, si kwenye mfereji.

La kufanya nyumbani

Kwanza, konokono bapa wa ziwani wasiokotwe kwa kufugwa, hasa na watoto. Mzazi aliyekuta chupa ya konokono chini ya kitanda amwage maji hayo yanayochemka juu yao, bila kutia mkono.

Pili, kwa wale wenye konokono waliozaliwa ndani ya akwariamu, maji ya robine yakae wazi siku nzima. Anayetumia ya mvua ayaongezee kalisi: ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa, latosha kwa sanduku dogo. Jiwe la chokaa hufanya kazi hiyohiyo polepole.

Tatu, konokono mgeni asimwagwe ghafla. Maji ya sanduku yaongezwe kidogokidogo ndani ya chombo chake kwa muda wa saa moja.

Nne, chakula kiwe kidogo na cha kutosha: lengalenga zilizochemshwa kidogo, ama tango, kutoka shamba lisilopulizwa dawa. Kinachobaki kitolewe kesho yake.

Tano, kila aliyekufa atolewe mara moja, kwa kijiko ama kwa mkono uliovaa glavu, na robo ya maji ibadilishwe.

Sita, anayeoga ama kufua kwa maji ya ziwa afahamu kwamba maji yaliyotekwa bila konokono na kuachwa ndani ya chombo kwa siku mbili hayana tena vimelea hai vya kichocho. Kuchemsha huviua papo hapo. Hata hivyo maji ya kunywa lazima yachemshwe ama yatiwe dawa, kwa sababu ya magonjwa mengine.

Na aliyegusa maji ya ziwa mara nyingi, mvuvi, mchuuzi wa samaki, mama anayefua, ama mtoto anayeogelea, aende kwenye kituo cha afya kuomba kipimo cha kinyesi hata kama hasikii maumivu. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hunywewa kwa mdomo na kwa kawaida hutolewa kwa siku moja, kulingana na uzito wa mtu. Tangu Februari 2022, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mahali ambapo ugonjwa umeenea, kampeni za dawa zifikie kila mtu kuanzia umri wa miaka miwili, wala zisiishie kwa watoto wa shule. Dawa hiyo huua wadudu waliomo mwilini, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena. Akirudi kwenye maji yaleyale, anahitaji kupimwa upya.